Sukari Ishuke Kwanza: Njia ya Mtoto kwa Mwenye PCOS na Kisukari

Katika hospitali nyingi za rufaa za Afrika Mashariki, kliniki ya kisukari ina siku yake na kliniki ya wanawake ina siku yake. Mwanamke mwenye kisukari ambaye pia ana PCOS, tatizo la homoni linalozuia mayai kupevuka, hujikuta na kadi mbili, foleni mbili na madaktari wawili ambao pengine hawajawahi kuzungumza juu yake. Mmoja humuuliza sukari imesoma ngapi asubuhi. Mwingine humuuliza aliona siku zake lini. Swali ambalo lingewakutanisha wote wawili, kwamba anatarajia kushika mimba lini, mara nyingi halitoki kwa yeyote, na akilitaja mwenyewe hulitaja upande mmoja tu.

Alitaje kote kuwili. Kwa mwenye magonjwa haya mawili, matibabu ya uzazi hayaanzi na kidonge cha kupevusha mayai wala na safari ya kwenda kupandikizwa mimba. Yanaanza na sukari, tena miezi mitatu hadi sita kabla ya mwezi ambao angependa mimba iingie. Ushauri huu ni mgumu kwa mtu aliyekwisha kusubiri miaka, na ndiyo maana anastahili kuelezwa sababu zake badala ya kupewa amri.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa PCOS inawapata kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajagunduliwa. Kwa kawaida vifuko kadhaa vya mayai huanza kukua ndani ya ovari kila mwezi, kimoja hutangulia wenzake, hupasuka na kuachia yai. Kwa mwenye PCOS vifuko vingi huanza, kisha husimama njiani. Altrasaundi huvionyesha kama vidoa vyeusi vilivyojipanga pembezoni mwa ovari, na hapo mgonjwa huambiwa ana "vivimbe vya maji", akatoka amejaa hofu ya kupasuliwa. Huo si uvimbe wa kukatwa, na hakuna dawa ya kuuyeyusha. Ni vifuko vyenye mayai ambayo hayajapevuka. Mayai yapo.

Kinachoyazuia, kwa sehemu kubwa, ni insulini. Mwili wa mwenye PCOS mara nyingi huwa mzito kuiitikia, kwa hiyo kongosho huongeza kiwango ili sukari iingie kwenye misuli. Ovari zenyewe huendelea kuiitikia vizuri, na wingi huo huzisukuma zitengeneze testosteroni kupita kiasi. Wakati huohuo ini hupunguza protini inayoishika testosteroni kwenye damu, ikabaki huru kufanya kazi. Ndipo huja chunusi zisizoisha, nywele kidevuni, hedhi inayopotea miezi miwili au mitatu. Kongosho likichoka, sukari nayo hupanda, na hicho ndicho kisukari cha aina ya pili. Wembamba haumkingi mtu na PCOS. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza, anayejidunga insulini tangu utotoni, huipata zaidi ya wanawake wengine.

Sayansi ilichelewa kuyaunganisha haya. Mwaka 1921 madaktari wawili wa Paris, Charles Achard na Joseph Thiers, waliandika juu ya kisukari cha wanawake wenye ndevu. Mwaka 1935 Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago walieleza wanawake saba wenye ovari kubwa na hedhi zilizopotea. Waliwakata kipande cha ovari, hedhi zikarudi kwa wote na wawili wakashika mimba. Ilikuwa 1980 ndipo watafiti wa Marekani walipoonyesha kwamba insulini na homoni za kiume hupanda pamoja kwa wanawake hawa. Mpango wa kliniki mbili zisizozungumza unamrudisha mgonjwa nyuma ya mwaka huo.

Kabla ya dawa yoyote, jina la ugonjwa lithibitishwe. PCOS hutambuliwa pale mwanamke anapokuwa na mambo mawili kati ya matatu: hedhi zisizo na mpangilio, dalili au vipimo vya wingi wa homoni za kiume, na ovari zenye vifuko vingi kwenye altrasaundi. Picha peke yake haitoshi. Damu ipimwe pia homoni ya tezi ya shingo na prolaktini, kwa sababu zote mbili huvuruga hedhi na zina dawa zake tofauti kabisa. Anayejijua ana PCOS lakini hajawahi kupimwa kisukari vizuri aombe kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa tena baada ya saa mbili, kwa maana sukari ya kabla ya kula inaweza kuwa nzuri huku ya baada ya saa mbili ikiwa imevuka mpaka. Mpaka wa kisukari ni milimoli 7.0 kwa lita kabla ya kula na 11.1 baada ya saa mbili. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu, kinachoandikwa HbA1c kwenye fomu ya maabara, ni kizuri, ila kinaweza kudanganya kwa mwenye upungufu mkubwa wa damu au selimundu. Hali hizo hazikosekani kwetu, hivyo daktari akumbushwe.

Sasa sababu ya kungoja. Moyo, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujengwa katika wiki nane za mwanzo. Sukari iliyo juu katika wiki hizo huongeza hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuumbika na kasoro. Mwanamke ambaye hedhi yake hupotea miezi mitatu kila mara hana jinsi ya kushtuka inapopotea kwa ajili ya mimba. Huenda akagundua katika wiki ya kumi au kumi na mbili, wakati kazi ya kuunda viungo imekwisha. Hapa ndipo magonjwa haya mawili yanapokuwa hatari yakiwa pamoja kuliko kila moja peke yake.

Miongozo ya Uingereza inashauri HbA1c ishuke chini ya asilimia 6.5 kabla ya mimba, ikiwa inawezekana bila sukari kuporomoka mno, na anayesoma juu ya asilimia 10 ashauriwe kwa nguvu asishike mimba kwanza. Kila hatua ya kushuka inasaidia. Anayetoka 11 akafika 7.5 amempunguzia mtoto wake hatari kubwa, hata kama 6.5 haijafikiwa.

Miezi hiyo ina kazi nyingine. Foliki asidi ianze kunywewa kabla ya mimba, na kwa mwenye kisukari kiwango kinachoshauriwa ni miligramu 5 kila siku hadi wiki ya kumi na mbili. Kidonge cha kawaida cha kliniki ya wajawazito, kilichochanganywa na madini ya chuma, huwa na chini ya nusu miligramu, kwa hiyo iombwe ile ya 5. Macho yapimwe kwa kupanuliwa mboni, kwa sababu sukari inaposhuka haraka, au mimba inapoingia, madhara ya zamani ya retina yanaweza kuzidi, na ni afadhali tiba ya mionzi ya leza itangulie. Figo zipimwe kwa mkojo na damu.

Dawa nazo zipangwe upya. Peleka kliniki paketi zote unazotumia, za hospitali na za duka la dawa, uziweke mezani. Enalaprili, kaptoprili na losatani, dawa za presha wanazopewa wengi wenye kisukari, zina madhara kwa mimba na hubadilishwa kwa nyingine kama methildopa au nifedipini. Dawa za kushusha kolesteroli za jamii ya statini husimamishwa. Spironolaktoni, ambayo baadhi hupewa kupunguza ndevu, haifai kabisa. Sindano za semaglutidi, zinazotafutwa sana siku hizi kwa kupunguza uzito, ziachwe angalau miezi miwili kabla. Metformini inaweza kuendelea, na insulini ni salama kabla ya mimba na wakati wa mimba. Asiache mtu dawa ya presha kwa uamuzi wake, kwa kuwa presha isiyotibiwa nayo ni hatari.

Linalobaki ndilo gumu kuliko yote. Katika miezi hiyo ya kushusha sukari, mwanamke anayetafuta mtoto anashauriwa kutumia uzazi wa mpango. Ni nani ataeleweka nyumbani akisema hivyo? Mama mkwe anahesabu miaka ya ndoa, mawifi wanauliza, na wengi waliokwisha kuambiwa "wewe hushiki mimba" wanaona kondomu kama mzaha. Lakini metformini, mazoezi na kilo chache zilizopungua vinaweza kuamsha upevukaji wa mayai kabla sukari haijafika pazuri. Wapo wanawake wanaoshika mimba katika mwezi wa pili wa metformini wakiwa na HbA1c ya 9, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba dawa ya sukari inaweza pia kuwa dawa ya mayai.

Njia ya kungojea ichaguliwe kwa makini. Sindano ya miezi mitatu haifai hapa, maana baada ya kuiacha uwezo wa kushika mimba huweza kuchelewa miezi mingi. Kondomu, vidonge vya homoni moja au kitanzi, vyote huachwa na uzazi ukarudi bila kuchelewa. Vidonge vyenye estrojeni havimfai mwenye kisukari kilichogusa figo, macho au mishipa. Mume awemo chumbani siku mazungumzo haya yanapofanyika; akisikia sababu kwa masikio yake kutoka kwa daktari, mke hatabaki mtetezi peke yake mbele ya ukoo.

Chakula kimeandikwa sana, kwa hiyo yatosha machache. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mwenye kilo 80, kunaweza kurudisha hedhi kwa baadhi. Hakuna haja ya vyakula vya supamaketi. Sahani ya mchicha au sukuma wiki nusu nzima, maharage, choroko au dagaa robo, na ugali wa dona au wali robo, hufanya kazi kuliko poda yoyote inayouzwa. Kinachoponza wengi ni vinywaji: chai ya vijiko vitatu vya sukari mara nne kwa siku, soda, juisi ya boksi. Mwenye kisukari anayefunga Ramadhani huku anatafuta mimba aonane na daktari mwezi mmoja au miwili kabla, ili dawa zipangwe kulingana na daku na futari, na aambiwe wazi kama hali yake inamruhusu kufunga.

Neno juu ya dawa za "kusafisha kizazi". Kizazi cha mwenye PCOS si kichafu. Unga wa majani na chupa za maji meusi zinazouzwa kwa jina hilo haziandikwi kilichomo, na baadhi ya mimea, uwatu na karela mfano, hushusha sukari. Ikichanganyika na vidonge vya sukari kama glibenklamidi au na insulini mtu anaweza kuzimia usiku. Anayetumia amwambie daktari bila aibu, na daktari naye apokee bila kukemea, vinginevyo mara ya pili hataambiwa.

Ni lini basi matibabu ya uzazi yenyewe huanza? Wanandoa wa kawaida huambiwa wajaribu mwaka mzima, au miezi sita ikiwa mke amepita miaka 35. Mwanamke anayeona hedhi mara tatu au nne kwa mwaka hana sababu ya kungoja hivyo, kwa sababu inajulikana tayari kwamba mayai hayapevuki. Aanze kuandaliwa mara moja. Tena hedhi iliyokaa zaidi ya siku 90 bila kuja ina tatizo lake: ukuta wa mji wa mimba hunenepa bila kumwagika, na baada ya miaka mingi unaweza kugeuka saratani. Daktari atampa dawa ya siku chache ya kuileta, baada ya kupima kwanza kama hana mimba.

Mbegu za mume zipimwe kabla ya kidonge cha kwanza. Kipimo hicho ni rahisi kuliko vyote katika safari hii, na ndicho kinachocheleweshwa kuliko vyote. Mirija ya mke nayo itazamwe kwa eksirei ya dawa, hasa kwetu ambako maambukizi ya zamani ya nyonga yameziba mirija ya wengi. Mwanamke anaweza kumeza dawa za kupevusha mayai mwaka mzima, mayai yakapevuka kweli, na yasipate pa kupita.

Dawa ya kupevusha mayai inayotangulia leo ni letrozoli. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023, ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, unaiweka mbele ya klomifeni iliyozoeleka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014 ulifuatilia wanawake 750 wenye PCOS kwa mizunguko isiyozidi mitano: asilimia 27.5 ya waliopewa letrozoli walizaa mtoto hai, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliopewa klomifeni. Huanzwa kwa miligramu 2.5 kwa siku tano, kwa kawaida kuanzia siku ya tatu ya hedhi, na huongezwa hadi 7.5 mayai yasipoitikia. Karatasi iliyo ndani ya boksi inasema ni dawa ya saratani ya matiti, na wengi hushtuka wakaitupa. Ilianzia huko kweli, na mjamzito haruhusiwi kuinywa. Lakini hunywewa mwanzoni mwa mzunguko na kutoka mwilini mapema, na watafiti wa Kanada waliochunguza watoto 911 mwaka 2006 hawakuona kasoro zaidi kwa watoto wa letrozoli kuliko wa klomifeni.

Metformini peke yake ni dhaifu kwa kazi hii. Katika utafiti mwingine wa Marekani, wa 2007 wenye wanawake 626, ni asilimia 7.2 tu ya waliotumia metformini pekee waliozaa, na 22.5 kwa klomifeni. Mwenye kisukari ataendelea nayo kwa ajili ya sukari, ila asiachwe nayo miaka miwili akidhani anatibiwa uzazi. Ianze kwa miligramu 500 pamoja na chakula na kupanda polepole, tumbo litavumilia.

Yai limepevuka au la? Vijiti vya mkojo vya duka la dawa huwapotosha wenye PCOS, maana homoni wanayoipima mara nyingi iko juu muda wote. Programu za simu nazo hukisia kwa mzunguko wa siku 28. Altrasaundi ya kufuatilia kifuko, au damu ya projesteroni, ndiyo husema kweli. Na damu hiyo ichukuliwe takriban siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa, si siku ya 21 kwa kila mtu.

Letrozoli ikishindwa zipo sindano za kuchochea ovari, kwa kiwango kidogo na altrasaundi za mara kwa mara, au upasuaji wa tundu dogo wa kutoboa ovari, usioongeza mapacha. Sindano bila altrasaundi zikataliwe. Ovari za PCOS huweza kupevusha mayai kumi kwa pamoja, na mimba ya watatu katika mwili wenye kisukari ni janga kwa mama na watoto.

Mwisho wa ngazi ni upandikizaji mimba. Kampala ilipata mtoto wake wa kwanza wa njia hii 2004, Nairobi 2006, na leo huduma ipo katika miji kadhaa ya kanda hii, kwa gharama ambayo familia nyingi hulipa mfukoni. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu. La kwanza, watafanyaje ovari zisifure kupita kiasi: tumbo kujaa maji ghafla, kutapika, kukosa pumzi na mkojo kupungua ni dalili za kukimbilia hospitali usiku huohuo. Kuna namna ya kuchagua sindano inayopunguza sana hatari hiyo. La pili, kama watagandisha viinitete na kuvipandikiza mwezi mwingine. Katika utafiti wa China wa 2016 wenye wanawake 1,508 wenye PCOS, kugandisha kulipunguza kufura kwa ovari kutoka asilimia 7.1 hadi 1.3 na kuongeza watoto waliozaliwa hai kutoka 42.0 hadi 49.3, ila kifafa cha mimba kilikuwa kingi zaidi, jambo ambalo mwenye kisukari lazima alizungumze na daktari wake. La tatu, watapandikiza viinitete vingapi. Kwa mwenye kisukari, jibu zuri ni kimoja.

Mambo ya imani nayo yazungumzwe mapema, fedha zikiwa bado mkononi. Fatwa ya Al-Azhar ya 1980 iliruhusu yai la mke na mbegu za mume ndani ya ndoa, ikakataza mtu wa tatu. Kanisa Katoliki, katika waraka wake wa 1987, halikubali utungishaji nje ya mwili, ingawa dawa za kupevusha mayai hazimo katika katazo hilo.

Kipimo cha mimba kikisoma ndiyo, kliniki zote mbili ziarifiwe wiki hiyohiyo. Altrasaundi ya wiki ya sita au ya saba itaonyesha mimba iko wapi na ni ya mtoto mmoja au zaidi. Sukari sasa hulengwa chini ya 5.3 kabla ya kula na chini ya 7.8 saa moja baada ya chakula, na wengi huhitaji insulini hata kama hawakuwa wakiitumia. Kuanzia wiki ya kumi na mbili daktari kwa kawaida huongeza aspirini ya kiwango kidogo ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Macho hupimwa tena. Na mahali pa kujifungulia papangwe mapema: hospitali yenye chumba cha upasuaji na wodi ya watoto wachanga, kwa sababu sukari ya mtoto huweza kushuka saa chache baada ya kuzaliwa, naye anahitaji kunyonyeshwa mapema na kupimwa.